Taa ndogo ya mafuta: shahidi wa kweli au mwongo?

Ninyi mnaosafiri kwa motokari, na ninyi wanafunzi mnaopenda kujua yaliyomo ndani ya mashini, bila shaka mmekwisha kuiona taa ile ndogo nyekundu yenye picha ya kopo la mafuta, mbele ya macho ya dereva. Ufunguo ukizungushwa, taa yawaka. Motere ikianza kuzunguka, taa yazimika, wala hakuna anayeifikiri tena. Lakini siku moja yawaka safarini, mbali na mji. Hapo dereva ajiuliza: Je, mafuta yamekwisha? Je, motere yataka kufa? Au taa yenyewe ndiyo iliyoharibika? Na wengi hujichagulia jibu lile linalowapendeza, yaani la tatu, wakaendelea na safari yao.

Twataka leo kueleza jinsi ya kulijibu swali hilo bila kubahatisha. Tutachukua mfano wa motokari moja tu, iliyo mzee na yenye sifa nyingi huko Ulaya: Volkswagen ile ya kulala ndani. Twaichagua kwa sababu watu walioiunda hawakuiwekea shahidi mmoja wa mafuta, bali wawili. Na mtu akielewa maneno ya hao wawili, hatapata shida kubwa kuelewa taa ya motokari nyingine yoyote.

Nyumba juu ya magurudumu

Volkswagen ya kwanza ya namna hiyo, ambayo watu wengi wa Afrika waijua kwa jina la kombi, ilitoka kiwandani mwaka 1950. Ya tatu katika ukoo huo ilianza kuundwa mjini Hanover, katika nchi ya Ujerumani, mwaka 1979. Huko Ulaya kazi ya kuiunda ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini Afrika ya Kusini waliendelea nayo hata mwaka 2002. Kiwanda cha Westfalia, mjini Wiedenbrück, kilizichukua nyingi na kuzigeuza kuwa nyumba: vitanda viwili, jiko la gesi, kabati, beseni la kuoshea vyombo, na dari linaloinuliwa juu kama kifuniko cha sanduku ili mtu mzima apate kusimama. Baba, mama na watoto walala humo, wapika humo, wala hawamlipi mwenye hoteli hata senti moja. Ndiyo maana wenye nazo hawataki kuziacha, ingawa leo zimekwisha kupita miaka 30.

Motere yake imekaa nyuma kabisa, chini ya godoro. Kuifikia kwataka kwanza kuondoa mablanketi, masanduku na vitu vya watoto, na hilo lawafanya wengine kuwa wavivu. Lakini wahandisi waliufikiria uvivu huo mapema. Katika zile zenye motere ya esanse inayopozwa kwa maji, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1982, kibao cha namba cha nyuma chafunguka kama mlango mdogo. Humo ndani mna kijiti cha kupimia mafuta na mdomo wa kuyamimina. Hivyo asiyepima mafuta hana neno la kujitetea.

Damu ya motere

Kosa la kwanza la watu wengi ni kudhani kwamba taa hiyo yapima wingi wa mafuta. La hasha! Haipimi wingi, yapima msukumo. Mtu aweza kuwa na damu ya kutosha mwilini, na hata hivyo afe ikiwa moyo hausukumi. Vivyo hivyo motere yaweza kujaa mafuta mpaka alama ya juu, na taa ikawaka kwa haki.

Moyo wa motere ni pampu ndogo yenye magurudumu mawili ya meno, yanayoshikana na kuzunguka pamoja. Yavuta mafuta kutoka chini, yayapitisha katika chujio, kisha yayasukuma katika mishipa iliyotobolewa ndani ya chuma, mpaka mahali ambapo mhimili mkuu wa motere hulala na kuzunguka. Hapo mhimili haulali juu ya chuma kitupu. Umewekewa vipande vya madini laini, ambavyo Wafaransa waviita kwa neno lenye maana ya «mto mdogo», na jina hilo lafaa sana. Nafasi iliyopo kati ya mhimili na mto ni ndogo kuliko unene wa karatasi nzito, na nafasi hiyo yapasa kujaa mafuta daima.

Mafuta hayo yafanya nini? Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza, jina lake Beauchamp Tower, alikuwa akijaribu mito ya mihimili ya magari ya reli. Alitoboa tundu juu ya mto, ili amimine mafuta humo. Kumbe mafuta hayakushuka. Yalipanda yenyewe na kumwagika nje! Akaliziba tundu kwa kizibo cha mti. Mafuta yakakisukuma kizibo na kukitoa. Ndipo alipofahamu jambo ambalo hakuna aliyelijua vema kabla yake: mhimili unaozunguka wayavuta mafuta chini yake, nayo yauinua, hata chuma hakigusani na chuma tena. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, mtaalamu Osborne Reynolds alilieleza jambo hilo kwa hesabu. Basi, kila motokari ipitayo njiani leo, mhimili wake waelea juu ya mafuta kama mtumbwi juu ya ziwa. Kazi ya pampu ni kuangalia ziwa hilo lisikauke hata dakika moja.

Msukumo huo hupimwa kwa bari. Wanafunzi wakumbuke: bari moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja juu ya kila sentimeta ya mraba, au uzito wa maji yenye kina cha meta 10.

Mambo mawili hasa yaushusha. La kwanza ni joto. Mama zetu wajua jinsi mafuta ya mawese yanavyoganda asubuhi penye baridi, kisha yakawa mepesi kama maji yakikaribia moto. Mafuta ya motere hayagandi hivyo, lakini tabia ni ile ile: yale ya namna ya 20W-50, yakipata joto la maji yanayochemka, huwa mepesi mara nane au tisa kuliko yalivyokuwa katika joto la siku ya jua kali. La pili ni uzee. Mto ukilika, nafasi yapanuka, na mafuta yatoka kwa wingi kupitia pembeni. Aliyewahi kumwagilia bustani kwa mpira wenye matundu aelewa: maji ni yale yale, pampu ni ile ile, lakini mwishoni mwa mpira hakuna nguvu.

Mashahidi wawili

Sheria ya Musa haikukubali mtu ahukumiwe kwa neno la shahidi mmoja. Wahandisi wa Volkswagen, wapende wasipende, waliifuata sheria hiyo. Katika motere ya maji waliweka vidude viwili vya umeme, yaani swichi mbili, kila moja ikiwa na waya wake.

Shahidi wa kwanza ni wa msukumo mdogo, karibu bari 0.3. Motere ikilala, umeme wapita ndani yake mpaka kwenye chuma cha motokari, na taa yapepesa. Msukumo ukifika kiasi chake, akata njia ya umeme, na taa yazimika. Yeye asikilizwa hasa motere inapozunguka polepole.

Shahidi wa pili ni wa msukumo mkubwa zaidi, bari 0.9, naye tabia yake ni kinyume kabisa. Motere ikilala, njia yake ya umeme imekatwa. Msukumo ukifika, aiunganisha. Huyu haulizwi neno mpaka motere ipite mizunguko 2000 kwa dakika. Hapo kidude kingine, kilichofichwa nyuma ya saa za mbele ya dereva, chahesabu mizunguko na kumwuliza: «Je, msukumo upo?» Akinyamaza, taa yapepesa na mlio mkali walia, hata aliyesinzia nyuma aamka.

Tafadhali, wasomaji, mwitie moyoni tofauti hiyo, kwa maana ndiyo ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Shahidi wa kwanza, waya wake ukikatika, hunyamaza, na taa haiwaki kamwe. Shahidi wa pili, waya wake ukikatika, husababisha kelele ya uwongo kila mara motere ipitapo mizunguko 2000. Waya wa kwanza ukigusa chuma, taa yapepesa bila sababu. Waya wa pili ukigusa chuma, mlio hautasikika hata kama motere yateketea. Yaani kosa lile lile dogo, la waya tu, laweza kumtia mtu hofu ya bure, au kumpa amani ya bure. Na ya pili ni mbaya zaidi.

Simama kwanza

Tumfikirie baba mmoja wa Bavaria, ambaye mwezi wa nane awapeleka jamaa zake Italia kwa njia ya mlima Brenner. Njia hiyo yapanda mpaka meta 1370. Motokari imejaa watu, maji, vyakula na mahema. Ina uzito wa tani mbili na zaidi. Motere imelia saa nyingi katika jua. Karibu na kilele, taa yaanza kupepesa na mlio walia. Mkewe asema: «Simama.» Watoto wasema: «Baba, zimebaki kilometa chache tu!» Mwenyewe atazama kipimo cha joto la maji, aona kimetulia, afikiri labda ni waya tu.

Yawezekana ni waya kweli. Lakini hawezi kujua akiwa juu ya kiti chake. Ikiwa msukumo umepotea kwa kweli, ziwa lile la mafuta lakauka. Chuma chagusa madini laini ya mito. Madini yapata moto, yayeyuka, yashika. Hayo hayahitaji saa moja, dakika chache zatosha. Swichi mpya yanunuliwa kwa fedha ya chakula cha mchana. Motere mpya ya motokari hiyo yaweza kupita bei ya motokari yenyewe. Kwa hiyo mama wa jamaa ndiye aliyesema la haki, bila kujua neno lolote la ufundi.

Lakini asimame kwa akili. Aondoe mguu kwenye esanse, asogee pembeni mwa njia, awashe taa za hatari, na motere aizime mara tu gari likisimama. Asiizime akiwa bado anashuka mlimani! Breki husaidiwa na nguvu itokayo kwenye motere. Na mtu akichomoa ufunguo, usukani waweza kufungwa. Wako waliookoa motere wakapoteza roho. Watoto watoke upande usiopita magari, wasimame nyuma ya kizuizi cha njia.

Motokari nyingi za Wakristu zina medali ya Mtakatifu Kristofori mbele ya dereva. Ni desturi njema, na kila mwaka, karibu na sikukuu yake ya tarehe 25 mwezi wa saba, mapadri wa nchi nyingi hubariki magari. Lakini mtakatifu huyo alisifiwa kwa kuwavusha watu mtoni kwa mabega yake mwenyewe, akipima kina cha maji kwa fimbo. Sidhani kama apendezwa na dereva asiyetaka kupima hata mafuta.

Kuwahoji

Motere ikiwa imezimwa, ngoja dakika kumi hivi ili mafuta yarudi chini. Fungua kibao cha namba, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Ikiwa mafuta yako chini ya alama ya chini, shtaka la kwanza limepatikana: pampu ilikuwa ikivuta hewa. Mara nyingi dereva wa namna hiyo atakumbuka kwamba taa ilikuwa ikiwaka katika kona tu, au alipokanyaga breki kwa nguvu, kwa sababu mafuta machache hukimbilia upande mmoja. Aongeze, atazame chini kama yavuja, na ndipo ajaribu tena.

Ikiwa mafuta yapo, yanuse. Yakinuka esanse, yamechanganyika nayo na kuwa mepesi. Kuna sindano ya kunyunyizia esanse inayovuja, au motere haiunguzi vema. Yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na ugonjwa huo ni mkubwa; usiwashe tena. Tena, kijiti kikionyesha mafuta yamezidi bila mtu kuyaongeza, usifurahi. Mafuta hayazai.

Baada ya hayo, uliza taa iliwaka wakati gani. Fundi mwenye akili hufanya kama daktari: kabla ya kumgusa mgonjwa amwuliza aumwa saa ngapi. Taa ikipepesa motere inapokuwa ya moto sana na kuzunguka polepole tu, kama vile mtu atokapo katika njia kuu na kusimama penye taa za mji, kisha ikazimika mara tu akanyagapo esanse kidogo, yaelekea mafuta ni mepesi mno au mito imeanza kulika. Pampu yaendeshwa kwa nusu ya mwendo wa motere, basi motere ikisinzia, pampu yasinzia zaidi. Jambo hilo lataka kuchunguzwa, lakini si kifo cha leo. Mlio ukisikika motere ikiwa bado ya baridi, wakati mafuta ni mazito na msukumo wapasa kuwa mkubwa kuliko wakati wowote, hapo mashaka yawaangukia waya na swichi. Au chujio limeziba, au ni la namna isiyofaa. Na taa ikiwaka motokari irukapo penye shimo, kisha ikatulia, ni nani asiyeona kwamba waya umelegea?

Sasa waya. Swichi zote mbili zimekaa chini, mahali penye joto, mafuta na matope, na waya wa miaka 30 huwa mgumu kama ukuni mkavu. Mara nyingi wakatika ndani ya ngozi yake, na kwa nje waonekana mzima. Jaribio lake ni rahisi, ila motere izimwe kabla ya kutia mkono, kwa maana mikanda na puli havina huruma. Zungusha ufunguo bila kuwasha motere: taa yapepesa. Chomoa waya wa shahidi wa kwanza: taa yapasa kuzimika. Ugusishe kwenye chuma safi: yapasa kupepesa tena. Ikiwa ni hivyo, waya huo ni mzima mpaka mbele. Waya wa shahidi wa pili wajaribiwa kwa kinyume: uunge kwenye chuma, washa motere, ipandishe kupita mizunguko 2000. Mlio ukinyamaza, waya ni mzima, na neno limebaki kati ya swichi na msukumo wenyewe. Jaribio hilo la pili lafanywa muda mfupi tu, na baada ya kujua kwamba mafuta yapo. Mlio ukiendelea, kosa liko katika waya au katika kidude kile cha nyuma ya saa, ambacho hupokea umeme kwa njia ya karatasi ya plastiki yenye mistari ya shaba. Karatasi hiyo huzeeka na kupasuka, na imewahangaisha mafundi wengi waliokuwa wamekwisha kubadilisha swichi mara tatu.

Neno la kipimo

Wako wanaonunua swichi mpya, wakaifunga, na taa ikizimika washukuru Mungu na kwenda zao. Si vibaya kama swichi ya zamani ilikuwa ikivuja mafuta, maana hiyo ilikuwa imekwisha. Lakini kwa jambo zito hivi, mimi nashauri kipimo. Mafundi wanacho: saa yenye mshale na mpira mgumu, hufungwa mahali pa swichi. Motere ipashwe moto kwanza mpaka mafuta yafikie digrii 80. Kupima motere ya baridi ni kujidanganya, kwani wakati huo hata motere iliyochoka huonyesha msukumo wa kijana. Ishikwe katika mizunguko 2000, na mshale usomwe.

Kitabu cha kiwanda chasema msukumo usipungue bari 2. Ukifika hapo, motere ina afya kwa upande huo. Tafuta mwongo wako kati ya swichi na waya. Ukiwa chini ya bari 0.9, shahidi wa pili alisema kweli tupu, na motokari ipakiwe juu ya gari jingine.

Lakini tazameni pengo lililopo kati ya tarakimu hizo mbili! Kiwanda chataka bari 2, na mlio hausikiki mpaka zibaki 0.9, yaani chini ya nusu. Motere yenye bari 1.2 ni mgonjwa, na taa yake imenyamaza kimya. Basi taa inayowaka yaweza kuwa ya uwongo, na taa isiyowaka pia yaweza isiwe habari njema. Hilo ni jambo wasilolijua hata madereva wengi wa miaka mingi.

Kwa motere iliyo katika pengo hilo, fundi aanza na mambo ya bei ndogo. Kwanza mafuta mapya ya namna inayofaa, na chujio zuri. Kisha vali ya kupunguza msukumo: ni pistoni ndogo yenye springi, inayofunguka mafuta yanapokuwa na nguvu mno na kuyarudisha chini. Kipande cha uchafu kikiishika wazi, mafuta yarudi bure, na pampu yafanya kazi ya mtu achotaye maji kwa kikapu. Kuisafisha ni kazi ya saa moja. Baadaye pampu, ambayo meno na kifuniko chake hulika. Mwisho kabisa ni mito ya mhimili, na hapo motere yapasa kutolewa na kufunguliwa yote.

Wengine, ili kuiepuka gharama hiyo, hutia mafuta mazito kupita kiasi, au dawa za chupa zinazouzwa kwa maneno matamu. Msukumo wapanda kweli. Lakini mto uliolika haukurudi kuwa mpya. Ni kama kumpa mwenye homa ya malaria dawa ya kichwa tu. Maumivu yapungua na ugonjwa waendelea.

Shahidi aliyezibwa kinywa

Twafika penye jambo linalonichukiza. Motokari hizo zanunuliwa na kuuzwa mara nyingi, na bei yake imepanda kwa kuwa watu wazipenda. Muuzaji asiye mwaminifu, akiwa na motere inayopiga mlio, ana njia rahisi: auunga waya wa shahidi wa pili kwenye chuma. Toka siku hiyo ni kimya. Mwingine aondoa taa, au akata waya wa mlio. Mnunuzi aja na watoto wake, aona vitanda, jiko na pazia zuri, atoa akiba ya miaka. Tuliite jina lake: ni wizi, hata kama hakuna mlango uliovunjwa, na Amri ya Saba haikusema kwamba yaruhusiwa kuiba kwa waya.

Kwetu nako jambo hilo lina uzito. Mwaka 1927 Padri Paul Schulte alianzisha huko Ujerumani chama cha MIVA, ili wamisionari wapate vyombo vya safari, na tangu hapo motokari nyingi zimenunuliwa kwa sadaka za watu wasiozipanda kamwe. Dereva wa parokia anayechomoa taa ya mafuta kwa sababu yamsumbua, aichezea sadaka ya mjane. Na siku motere itakapokwama, mgonjwa wa kijiji cha mbali ndiye atakayengoja.

Mnunuzi ajilinde hivi. Azungushe ufunguo kabla ya kuwasha: taa ya mafuta lazima ipepese. Isipopepesa, aulize kwa nini, wala asikubali jibu la «hizi za zamani ndivyo zilivyo». Kisha, kwa ruhusa ya mwenye mali, motere ikiwa imezimwa, auchomoe waya wa shahidi wa pili mwenyewe, awashe, apandishe mizunguko kupita 2000. Sasa mlio wapasa kusikika, kwa kuwa shahidi ameondolewa. Usiposikika, kuna mtu aliyekwisha kuuziba kinywa chake mahali pengine. Muuzaji mwema hatakasirika kwa jaribio la dakika tano. Tena aifanye safari ndefu kabla ya kulipa, mpaka motere iwe ya moto kweli, kwani wajanja wengi huonyesha motokari asubuhi, ikiwa ya baridi.

Wenye busara, hata wakiisha kununua, hufunga kipimo chenye mshale karibu na saa za mbele, pamoja na kingine cha joto la mafuta, wala hawaiondoi taa. Katika kila kubadilisha mafuta huandika katika daftari: tarehe, kilometa, namna ya mafuta, joto, na bari ngapi katika mizunguko 2000. Bari 3 mwaka huu, 2.8 mwaka ujao, 2.4 ule mwingine: hapo fedha za mito mipya zaanza kuwekwa kando, na safari ya Brenner yangoja mpaka kazi iishe.